Malindi hadi Voi kwa kufuata Mto Sabaki: namna ya kuipanga safari ya siku tatu

Wengi wetu Malindi tunavuka daraja la Sabaki tukienda Mambrui, Gongoni au Garsen, na mto tunauona kwa dakika moja: maji mekundu, fungu la mchanga, mbuzi ukingoni, basi. Huo ndio mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, kama kilomita 390. Huko juu unaitwa Athi. Ukishaungana na Mto Tsavo ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki unaitwa Galana, na ukikaribia pwani unakuwa Sabaki. Kuufuata kwa gari kutoka baharini mpaka mbugani ni safari ambayo familia au kundi la marafiki wanaweza kuipanga wenyewe, bila wakala.

Jambo la kwanza la kuamua ni upande wa kuanzia. Anzia Malindi, panda na mto. Wako wanaoanzia Voi na kushuka nao, lakini mpango huo una kasoro tatu. Asubuhi yote jua litakuwa usoni kwa dereva, maana unaelekea mashariki. Utatoka mbugani umeshachoka, na bado una barabara ndefu ya vijijini yenye mifugo, watoto na bodaboda zisizo na taa. Tena sehemu nzuri zaidi, yaani maporomoko ya Lugard mbugani, utaiona mapema halafu siku izidi kupoa. Ukipanda na mto, jua la asubuhi liko mgongoni, linaangaza unachokitazama, na uzuri unaongezeka kadiri unavyokwenda.

Wakati wa kwenda

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, usiende. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inawezekana ikiwa mvua haijashika, lakini uwe tayari kuahirisha hata kama mahamri yameshafungwa.

Miezi hiyo haifanani. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, joto la bara ni kali sana, ila ndege wahamiaji wanaokuja pwani kuanzia Oktoba hadi Aprili wangali penye mlango wa mto. Julai hadi Septemba hewa ni nafuu, nyasi ni fupi, visima vya porini vimekauka na wanyama wamerudi mtoni kunywa. Kwa mwenye watoto, tunapendekeza Agosti.

Kosa linalowaponza wengi ni kutazama mbingu ya Malindi. Mvua ya hapa haiujazi mto. Maji yanayoufanya uwe mwekundu na kupanda ukingo hutoka bara, Nairobi na Ukambani, nayo huchukua muda kushuka. Mvua inayonyesha Taita au katikati ya Tsavo ndiyo huzijaza laga, yale makorongo makavu yanayokata barabara. Kwa hiyo siku tatu kabla ya safari fuatilia utabiri wa Machakos, Makueni na Voi. Ya Malindi yaache.

Gari

Gari dogo la kawaida litakufikisha Nyari, korongo la Marafa, na kukurudisha wakati wa kiangazi ukiendesha taratibu. Kwa siku ya pili chukua gari lililoinuka, na kama lina uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne ni bora zaidi. Usipange muda kwa kudhani utakuta lami mwanzo hadi mwisho. Mbugani ni udongo na kokoto, na mwendo wa juu unaoruhusiwa humo ni kilomita 40 kwa saa.

Shida nyingi za njia hii ni za magurudumu, kwa hiyo anza kuyashughulikia siku mbili kabla. Teremsha spea, ipime upepo, maana spea nyingi zinazobebwa miaka haziguswi huwa nusu tupu. Kisha fanya jambo ambalo watu hulidharau: chukua spana ya gari lako mwenyewe na ulegeze nati zote za gurudumu moja baada ya jingine. Gari likitoka gereji, nati huwa zimekazwa kwa mashine, na spana fupi inayokuja na gari haiwezi kuzifungua. Afadhali ujue hivyo ukiwa Malindi, mbele ya fundi, kuliko kwenye jua la Galana na kundi la tembo ng'ambo. Zikishalegea zikaze kwa mkono, na ununue bomba la chuma la kuchomeka kwenye mpini wa spana ili uongeze nguvu. Pakia pia kibao kigumu cha sentimita 30 kwa 30, chenye unene wa sentimita 3, cha kuweka chini ya jeki. Bila kibao, jeki itazama mchangani na gari halitainuka.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Kwenye lami fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, ambacho kwa magari mengi ni PSI 32 hadi 36. Ukiingia barabara ya kokoto punguza hadi 28 hivi. Tairi litameza vijiwe badala ya kupasuliwa navyo, na vile vijituta vinavyotetemesha gari mpaka bolti zikalegea utavisikia kidogo. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 18 au 20, lakini kwa upepo huo usizidi kilomita 30 kwa saa wala usikate kona ghafla, maana tairi linaweza kuvuka rimu. Ndiyo maana pampu ndogo ya umeme inayotumia betri ya gari si anasa. Ukipunguza upepo bila njia ya kuurudisha, umejifunga.

Vingine vya kubeba: sepeto, kamba ya kuvutia, vifaa vya kuziba panchari, fani belti ya ziada, lita 5 za maji ya rejeta, na maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Jaza tangi Malindi hadi juu. Mafuta ya chupa utayaona kwenye vituo vidogo njiani, lakini mara nyingi yana maji au vumbi, na mbugani hakuna kabisa. Kutoka Malindi hadi Sala, lango la mbuga, ni kama kilomita 110, kutoka Sala hadi Voi zaidi ya 100. Ongeza nusu yake kwa kuzungukazunguka na kwa gia ndogo zinazokula mafuta.

Siku ya kwanza: mlango wa mto na Nyari

Siku hii unalala nyumbani, kwa hiyo ni siku ya kulijaribu gari pia. Ukisikia mlio usiouelewa, una usiku mmoja wa kumtafuta fundi.

Anzia mahali mto unapoingia baharini, na ratibu saa yako na maji. Ndege hutua kwa wingi maji yakipwa na matope kuwa wazi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi, na huo ndio wakati wa kuwa pale. Siku za maji mafu upwaji ni mdogo, na ndege wanakuwa mbali. Heroe huonekana wakiwa kundi kubwa lenye rangi ya waridi, pamoja na vitwitwi na shakwe kwa mamia. Tembea juu ya mchanga mkavu tu. Tope laini la pembeni linaweza kukumeza hadi gotini, na mto huu una viboko na mamba hata karibu na bahari. Chukua kijana wa pale anayeijua njia, umlipe. Daraja lenyewe litazame ukiwa umeegesha mbali na barabara, maana malori ya Garsen hayapunguzi mwendo kwa ajili ya anayepiga picha.

Mambrui ni ya kupumzikia adhuhuri. Ni mji wa kale wa Waswahili, na wataalamu wa mambo ya kale walichimbua hapo sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15, wakati uleule Malindi ilipompeleka twiga China. Swali, kula, pumzika.

Alasiri kata kuingia bara kwa njia ya Magarini hadi Marafa. Nyari ni korongo la mchanga ulioshikana, lililochongwa na mvua, lenye matabaka meupe, ya waridi, ya chungwa na mekundu sana. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na watu matajiri wa ng'ombe waliooga maziwa badala ya maji, nchi ikawameza: weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Fika saa 9 na nusu, anza kushuka saa 10. Adhuhuri joto la shimoni halivumiliki na rangi zote zinaonekana zimepauka. Saa 11 jua likiinama, ukuta wa mashariki unawaka kwa muda wa kama saa nzima, kisha giza linaingia haraka. Ada inakusanywa na jamii ya hapo, na kiongozi wa njia ni lazima umchukue kwa sababu ya kingo. Ukingo wa juu unaonekana mgumu, lakini mara nyingi chini yake mvua imeshala na kubaki kigae chembamba. Simama hatua tatu nyuma, na mtoto mshike mkono. Kama ilinyesha jana yake, tazama kutoka juu tu. Viatu viwe vya kufunga, ndara zitakuangusha.

Siku ya pili: Sala, Galana na maporomoko

Lipia mbuga usiku uliopita, ukiwa na mtandao mzuri. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori yanafanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na langoni pesa taslimu hazipokewi. Watu wanaofika Sala wakiwa na noti mkononi na simu isiyo na mtandao hukwama saa nzima. Gari nalo lina malipo yake, kulingana na idadi ya viti. Kitambulisho cha taifa kiwe karibu, vinginevyo hutahesabiwa kama raia. Tiketi ni ya saa 24 na ya kuingia mara moja, kwa hiyo tumia mchana huu vizuri. Pakua pia ramani ya kutumika bila mtandao, kwa sababu mbele ya Chakama mawimbi ya simu huja na kupotea.

Ondoka Malindi saa 11 na nusu alfajiri, baada ya Swala ya Alfajiri. Njia inapita Ganda, inafuata upande wa kaskazini wa msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha Kakoneni, Langobaya na Chakama hadi lango la Sala. Karibu na Jilore liko ziwa lililokatika kutoka kwenye mkondo wa zamani wa mto, na kutoka juu ya mlima unaweza kuona jinsi bonde lilivyo pana kuliko mto wenyewe. Simama hapo kwa kahawa. Baadaye mto utaupoteza machoni kwa muda mrefu, maana barabara inapita mbali na ukingo. Njia ndogo za kushuka majini ni za wenyeji na mifugo yao. Omba ruhusa kabla ya kuzitumia, na usioge. Tembo huvuka barabara hata nje ya mbuga, kwa hiyo usikimbize gari kwa sababu tu hujaona lango.

Panga kuwa Sala saa 3 asubuhi. Mbuga inafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, nawe unahitaji saa sita hadi saba kufika lango la Voi bila papara. Muulize askari wa langoni mambo mawili: laga zipi zina maji leo, na namba ya simu ya kupiga gari likiharibika. Iandike kwenye karatasi.

Sasa mto uko mkono wako wa kulia karibu muda wote. Mikoma imesimama ukingoni, na barabara kuu ina vijinjia vya kuzunguka vinavyokupeleka majini na kukurudisha. Ingia vichache, usiingie vyote. Chagua vile ambavyo mwisho wake unauona. Zima injini ungoje dakika kumi, na choroa, tandala mdogo na swala twiga ambao hukuwaona watajitokeza kwenye vichaka. Tembo wa hapa ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka. Waachie angalau mita 50, usiwapigie honi, wala usipite katikati ya mama na mtoto. Tembo akikunja mkonga na kupanua masikio huku akitikisa kichwa, rudi nyuma polepole. Injini usiizime wakati huo.

Laga ndizo zinazokwamisha magari hapa, hata wakati wa kiangazi. Ukiikuta kavu, simama kabla ya kushuka, ingiza gia ya magurudumu manne, weka gia ya pili ya nguvu, kisha vuka kwa mwendo mmoja bila kubadilisha gia na bila kusimama katikati. Gurudumu likianza kuchimba, acha kukanyaga mafuta papo hapo. Kila sekunde unayoendelea kukanyaga inalishusha gari zaidi, mpaka tumbo lake likalale juu ya mchanga na magurudumu yazunguke hewani. Jaribu kurudi nyuma kwenye nyayo zako. Isipowezekana, toa upepo hadi 18, fukua mchanga mbele ya kila gurudumu ukiufanya mteremko, na tandika mazulia ya mpira ya gari chini ya magurudumu yanayosukuma. Asisimame mtu nyuma, maana zulia likitupwa linaruka kwa nguvu. Mbugani usikate matawi, na kabla ya mtu yeyote kushuka tazameni pande zote, halafu mmoja abaki akiangalia vichaka badala ya kuangalia kazi.

Laga yenye maji yanayotembea usiivuke kwa kubahatisha. Sentimita 30 za maji ya kasi zinatosha kuliinua gari dogo. Kijijini ungeingia kwa miguu kupima kina, mbugani huwezi. Kama huoni chini, geuza. Maji ya mvua ya ghafla aghalabu hupungua baada ya saa chache, kwa hiyo kungoja kivulini si kupoteza siku.

Mbele zaidi unafika Crocodile Point, kisha maporomoko ya Lugard, moja ya sehemu chache unazoruhusiwa kushuka garini. Yanaitwa hivyo kwa jina la Frederick Lugard, Mwingereza aliyepita njia hii ya mto mwishoni mwa karne ya 19. Usitarajie maji yanayoanguka kutoka juu. Hapa mto mpana wote unajibana kwenye mwamba, unakatika vipande, unazama kwenye mifereji na kuibuka unatoka povu. Mwamba wenyewe una mistari myeupe na ya kijivu iliyopindapinda, umelainishwa na maji na kutobolewa mashimo ya duara ambayo kokoto zilizozunguka ndani yake zimeyachimba kwa karne nyingi. Mengine yana kina cha mtu. Wakati wa mafuriko yote haya hufunikwa na unaona maji tu, hiyo ikiwa sababu nyingine ya kuja kiangazi. Mwamba mkavu unashika vizuri, mwamba uliolowa unateleza kama sabuni. Kuna mahali mfereji ni mwembamba kiasi cha kumshawishi kijana aruke. Asiruke: chini ni maji yenye nguvu, na kwenye bwawa linalofuata wapo mamba.

Kwa sababu hiyohiyo, maji ya udhu yatoke mtungini, si mtoni. Beba mtungi wa lita 10 kwa kazi hiyo peke yake. Watu huinama ukingoni kwa mazoea ya kisimani, na mamba humkamata anayeinama.

Ukiwa hapo tazama ng'ambo ya mto. Ule mlima mrefu uliokatwa bapa juu ni Yatta, mkondo wa lava wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani, ulioanzia karibu na Ol Doinyo Sabuk. Lava ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale ikaganda. Ardhi laini ya pembeni ikaliwa na mvua, na lililokuwa bonde likabaki limeinuka juu. Saa 8 mchana kivuli bado ni kifupi na hauonekani vizuri. Baada ya saa 9 unajichora wote.

Saa 9 na nusu ondoka. Njia ya Voi inauacha mto na kuelekea kusini, jua likiwa mkono wa kulia, nayo ina wanyama wengi jioni, kwa hiyo usihesabu kwamba utaikimbiza. Atakayelala kambini ana Ndololo, karibu na lango la Voi. Wengine walale mjini Voi, ambako kila kiwango cha chumba kinapatikana.

Kurudi

Asubuhi kabla ya kuingia lami rudisha upepo kwenye kipimo cha mlangoni, toa chujio la hewa ulikung'ute vumbi, na kagua nati za magurudumu yote. Barabara ya Mombasa ina malori mengi. Endesha mchana tu. Huna haja ya kufika Mombasa: Mariakani kata kushoto, pita Kaloleni utokee Mavueni, karibu na Kilifi, na kutoka hapo Malindi ni kama kilomita 60. Ukifika, oshesha gari chini kabla ya kuliegesha, hasa kama siku ya kwanza ulikanyaga mchanga wa baharini. Udongo mwekundu hushika chumvi pamoja na unyevu kwenye maungio ya chuma, na kutu huanzia hapo, mahali usipopaona.